Dira Niliyoitundika Ukutani

Miaka ile bidhaa zilipoanza kumiminika, baada ya kukosa hata sabuni ya kufulia, mimi nilikuwa fundi wa televisheni Ngamiani, Tanga. Nimepanda mapaa mpaka magoti yamekwisha. Antena zote nilizielekeza kusini, Unguja, maana ndiko picha ilikotoka. Kazi ya kuchosha, lakini nilijiona mjuzi.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa na boti ya mashine ya kubebea mizigo kwenda kwetu Pemba. Akanunua kile kidude cha setilaiti kinachokuonyesha ulipo baharini. Nilimfungia mwenyewe. Dira yake ya zamani nikaing'oa, nikaitundika dukani iwe pambo. Mama alipokuja kututembelea aliiona, akaguna. "Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu." Nikamcheka. Mtu wa mikarafuu, setilaiti anaijulia wapi!

Masika yaliyofuata, asubuhi, ikaja simu. Mama amefariki alfajiri. Dada, aliyekuwa huko Pemba akimuuguza, aliwaomba wazee wasizike adhuhuri, nami niuone uso wake. Wakakubali kuningoja mpaka alasiri, basi. Maiti hacheleweshwi.

Tuliondoka mimi na shemeji, wawili tu. Katikati ya mkondo wa Pemba mvua ikatufunga pande zote, na kidude kikazimika. Nikakifungua, chumvi ilikuwa imekula ndani.

"Dira iko wapi?" shemeji akauliza, na anajua fika iko wapi. Akazima mashine, akiogopa miamba.

Ndipo nikaikumbuka televisheni ndogo ya mteja wa Wete, niliyokuwa nimeitengeneza wiki ile, imo kwenye mizigo pamoja na antena yake. Nikaiunga kwenye betri.

"Lahaula! Umeshikwa na wazimu?"

"Picha ikitulia, antena inatazama Unguja. Unguja tukiiweka mkono wa kulia, mbele yetu ni Pemba."

Shauri zuri, ila kioo kilikuwa chenga tupu. Kituo cha Unguja kilikuwa hakijafungua matangazo. Siku zile kilifungua jioni. Tukakaa, mvua inatupiga, antena mkononi inanilemea. Adhuhuri ikapita. Jamani, fungueni! Niliikemea ile televisheni kana kwamba ina masikio. Nilichoka mwili, nikachoka na ujuzi wangu.

Mwishowe chenga zikapungua, akatokea msomaji wa Kurani. Nikaizungusha antena polepole mpaka sura yake ikatulia.

"Huko! Tumepona!" shemeji akapiga kelele, akawasha mashine.

Nikatazama saa. Kumi na moja kasorobo. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa.

Dada alitungoja bandarini, kanga imelowa. "Nimewasihi mpaka sauti imenikauka," akasema. "Shehe akasema haifai tena." Akanipeleka kaburini. Udongo ulikuwa mbichi, na mvua ilikuwa imeanza kuulaza. Shemeji alisimama kando, hakunilaumu hata kwa neno moja. Bora angenitukana.

Baada ya khitima nilirudi Tanga, nikafungua duka. Dira ilikuwa pale pale ukutani, mshale wake kaskazini, haukosei hata kidogo. Nikaishusha nimrudishie mwenyewe. Nikafika nayo mlangoni tu. Nikakaa kizingitini nimeipakata, nikamlilia mama yangu.