Ufa Uliozibwa kwa Nta

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya kwetu Ihanja inayokuja na upepo mpaka mbuzi wanagoma kutoka zizini. Mwanangu, wewe umezaliwa ukakuta bati, kwa hiyo nianze na tembe. Jiko letu la uani lilikuwa tembe: kuta za miti na udongo, na juu yake udongo tena, bapa. Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru. Wanunuzi wa alizeti wakawa wanakuja wenyewe na malori, na mabati yanauzwa Singida Mjini kwa yeyote, bila kibali cha mtu. Baba akaleta mabati, akamwita fundi Saidi, akasema jiko livunjwe, pajengwe ghala.

Nimtendee haki baba. Msimu uliotangulia alizeti yetu ilinyeshewa humo ikavunda, na mtu aliyeona jasho lake likioza halaumiwi kwa kutaka paa. Ukuta wenyewe ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia fundi. "Mimi sikuziba. Sasa najenga."

Dada yake, shangazi tuliyeishi naye, alikuwa anaota moto humo humo jikoni, kitenge kimemfunika masikio. "Ndani ya ukuta huo mna nyuki wadogo," alisema. Alimaanisha wale wasiouma.

"Dada, hao walishahama. Tangu baridi ianze sijamwona hata mmoja. Humo hamna kitu."

"Hamna kitu, au hujaona kitu?"

Fundi alicheka. "Mama, mimi nimekuja na sururu, sikuja na darubini."

Shangazi alinigeukia mimi. "Nenda kaangalie. Ukirudi ukasema hamna, nitatoka na kigoda changu, wavunje."

Basi nikatoka, na mzigo wa ukuta ule umeniangukia mimi kabla wenyewe haujaanguka. Nilitafuta ua mzima, maana sikujua nyuki hujificha wapi wakati wa baridi. Mimi nimeishia darasa la saba, na huenda baadhi ya haya ninayaeleza vibaya. Lakini niliyaona. Chini ya gogo jongoo alikuwa amejiviringisha kama kifungo cha koti. Panzi alikuwa na umande juu ya macho, nilimgusa, hakuruka. Kwenye mti wa miiba alining'inia kiwavi mmoja ndani ya kijumba cha vijiti alichojijengea, kila kijiti kimekatwa sawa na mwenzake. Na kinyonga kwenye ua wa minyaa: upande uliotazama jua ulikuwa mweusi tititi, upande wa kivulini umebaki kijani. Mnyama mmoja, nguo mbili, na zote amezivaa kwa wakati mmoja. Niliishi pale tangu kuzaliwa, siku ile nikaona kama nimeingia uani kwa watu wengine.

Kisha nikarudi kwenye ufa. Haukuwa wazi ndani. Ulikuwa umejazwa kitu cheusi kama gundi iliyokauka, na katikati pametokeza kimrija chembamba kama bua la nyasi, mdomo wake umefungwa kwa nta. Niliweka sikio ukutani. Kwanza nilisikia baridi tu. Halafu, mbali ndani, kitu kama maji ya sufuria yanapokaribia kuchemka.

"Wamo," nilisema, na sauti ilinitoka ndogo.

Baba alikuja akaweka sikio.

"Ufa umezibwa, mdogo wangu," shangazi alisema. "Ila hukuuziba wewe."

Fundi hakucheka safari hii. Baba alimwambia avunje zile kuta nyingine, kipande kile akiache chini ya bati jipya.

"Ghala litakuwa na nundu, mzee."

"Ng'ombe anayo, na anaishi."

Lakini sururu ilipiga siku nzima, na ardhi ilitikisika. Jioni nilipoweka tena sikio sikusikia kitu. Shangazi naye alijaribu, akaondoka akitikisa kichwa. Baridi ikaendelea, kimrija kimefungwa, na nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo. Sijui baba aliwaza nini. Mimi niliwaza kwamba tumewaua kwa kuwahurumia nusu nusu.

Asubuhi moja upepo ulitulia na jua likagusa ukuta. Mdomo wa kimrija ukawa wazi. Akatoka mmoja, si mkubwa kuliko punje ya mtama, akasimama ukingoni anajipangusa uso kwa miguu. Nyuma yake wakatoka wengine. Baba alikuwa na gunia la alizeti begani, amesimama analitazama lile tundu, na gunia alisahau kulitua.

Mwanangu, sisemi usivunje cha zamani. Nyumba mpya si dhambi, na ghala lile lilitulisha. Ila mahali pakinyamaza usiseme pako tupu. Inama kwanza, weka sikio, na ukiwa na shughuli nyingi tuma mwingine, kisha umsikilize akirudi. Huenda kazi uliyoiacha kuna aliyekufanyia, na wala hakukuamsha. Mungu akulinde, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako usiowajua.