Wafua Springi wa Same

Kilichoninyima usingizi ni sentensi moja niliyoiandika mwenyewe, kwa mwandiko niliosifiwa shuleni. Niligeukia ubavu huu na ule nikijiuliza kama wale wahunzi wangetawanywa hata kama nisingeiandika. Nilipojijibu ndiyo, nilijiona mwongo. Nilipojijibu hapana, nilitaka kujizaba makofi.

Ilikuwa miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nilikuwa nimemaliza masomo, nikarudi na cheti, nikapewa ukarani katika ofisi ya Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, pale Same. Nyuma ya stesheni ya reli walifanya kazi wahunzi wanne, mmoja wao mjomba wangu kutoka Chome, juu milimani. Walijikusanya pale wakati wa vita, vipuri vya magari vilipoacha kuja kutoka ng'ambo, na malori ya mkonge yakawa yanavunjika springi kila mara kwenye barabara zetu za mawe.

Mjomba alifua majani ya springi, vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, kutokana na vyuma vya malori yaliyokufa. Wa pili alikunja ncha za jani ziwe masikio ya kupitishia pini. Wa tatu alitengeneza bolti na vikamatio. Wa nne, mzee kuliko wote, alichovya jani lenye moto katika mafuta machafu ya injini ili liwe gumu bila kuvunjika kama kioo. Jani likiharibika lilirudi hatua ishirini tu kwa aliyekosea, pamoja na matusi yake. Wanawake wa milimani waliteremsha makaa mahali pamoja, wakijua hawatarudi nayo. Mmoja akivumbua njia mpya asubuhi, jioni wenzake wameshaiiba, na kesho yake kuna aliyeifanya bora kuliko mwenyewe. Ndiyo maana mwenye malori mmoja wa pale mjini alikuwa ameacha kabisa kuagiza springi Mombasa.

Kisha Bwana Shauri akapata wazo la kupeleka ufundi vijijini. Aliniambia niandike taarifa juu ya mila za wahunzi. Nilifurahi kupita kiasi. Niliandika kwamba kwa mila ya Wapare kila mhunzi hufua peke yake nyumbani kwake, na nyundo yake haiguswi na mhunzi mwingine. Hayo niliambiwa na babu mzaa mama nilipokuwa mdogo, siku aliyonifukuza mlangoni pa kiwanda chake kwa sababu ukoo wa baba yangu haufui chuma. Kwa hiyo mila niliyoijua ilikuwa ya kusimama mlangoni. Wale wanne walikuwa wameshaketi na kukubaliana zamani: kila mtu abaki na nyundo yake, lakini chuma kipite kutoka mkono hadi mkono. Nilipita mbele yao kila siku nikienda ofisini na sikuwauliza neno.

Amri ikatoka. Kwa kuheshimu mila, ilisema, uhunzi umepigwa marufuku ndani ya mipaka ya mji. Mjomba arudi Chome, mzee wa kuchovya aende Kihurio, wa masikio Makanya, wa bolti Gonja. Mimi ndiye niliyeitafsiri barazani, kwa sauti yangu mwenyewe.

Baada ya miezi miwili mjomba alinijia kwenye varanda ya ofisi. Shida iliyomleta niliijua: jani alilofua sasa lilibebwa kichwani kuteremka mlima, likangojea lori la Makanya, kisha jingine la Kihurio. Lilipopasuka hakuna aliyejua kosa ni la nani, na kila mmoja alimlaumu aliye mbali. Sasa mwenye malori amesema anataka springi za malori yake yote kabla ya masika. Asipozipata ataandika Mombasa, na hatarudi tena kwao.

"Shikamoo, mjomba."

"Karani, umeandika mila zetu vizuri," alisema. "Babu yako angekusifu."

Nikaanza kueleza nilivyokusudia na jinsi Bwana Shauri alivyonielewa. Akanikata.

"Babu yako alifua jembe, akalianza na kulimaliza peke yake. Springi inafuliwa na watu wanne. Cheti chote hicho, hata kuhesabu mpaka wanne ulishindwa?"

Wiki ile ile Bwana Shauri alitaka taarifa ya pili, ya kueleza jinsi mpango ulivyostawi. Niliandika ukweli: kwamba sentensi yangu ilikuwa na kosa, na kwamba springi za mafundi wale zilishinda za Mombasa kwa sababu walikaa pamoja. Aliisoma akitabasamu. Akasema naonekana nimechoka, akaisukuma ndani ya mtoto wa meza. Nilipokosea, maneno yangu yalitosha kuhamisha watu. Niliposema kweli, yalikuwa uchovu.

Shamba la marehemu baba lilikuwa kando ya barabara kuu, hatua chache nje ya jiwe la mpaka wa mji. Pale wanne wangeweza kufua pamoja bila kuvunja amri. Nililiwaza siku tatu. Je, wakisogeza mpaka? Je, wazee wakikataa? Je, mama atakula nini? Mama, nilipomwuliza hatimaye, alisema mahindi yenyewe yalikuwa yanakauka, na kwamba nimemchosha kwa kutembeatembea uani.

Jumatatu niliacha kazi, nikakabidhi funguo za kabati la ofisi. Nilipanda hadi Chome, nikamwambia mjomba kuna mahali. Akasema niwaendee wengine mwenyewe, kwa kuwa mdomo uliowatawanya ulikuwa wangu. Nikaenda Makanya, Gonja na Kihurio, na kila mahali nilianza kwa kusema kosa lilikuwa langu. Mzee wa kuchovya aliniuliza swali moja tu, kama shimo lake la mafuta litakuwa kivulini, maana juani haoni rangi ya moto. Nikamwahidi nitaliezekea.

Alfajiri iliyofuata niliingia shambani, nikang'oa mahindi mstari kwa mstari, yakiwa bado yanafika magotini. Jua lilipopanda nilikuwa nimeshaanza kuchimba shimo la mafuta.