Sekunde Moja ya Kumzika Bi Harusi

Jumapili ya tangazo la tatu la ndoa, mbele ya kanisa zima, kwa herufi kubwa kuliko zile tunazoonyeshea nyimbo, niliwajulisha wakwe waliopanda kutoka Voi kwamba bi harusi wao alikuwa ameolewa zamani, na amezikwa. Ilinichukua sekunde moja. Sekunde hiyo ndiyo niliyokuwa nikijivunia wiki tatu nzima, kwa hiyo siwezi hata kusingizia kwamba mashine ilichelewa.

Naisimulia aibu hii mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya (sokoni wanasema bi harusi alizimia, jambo ambalo si kweli, aliyeketi sakafuni ghafla ni mimi). Majina nimeyabadilisha, ingawa huku kwetu kubadilisha jina ni kazi bure, maana lolote utakaloshika utakuta lina mwenyewe, na pengine wenyewe wanne.

Mimi ni karani wa parokia moja huku milimani, upande wa Mwanda. Nina diploma ya kompyuta, na ilikuwa imetundikwa sebuleni kwa mama hadi Jumapili hiyo. Nilipoajiriwa nilichapa vitabu vyote vya ubatizo kwenye kompyuta ya ofisi, kuanzia kile cha kwanza chenye wino uliogeuka rangi ya chai, mstari kwa mstari: jina la mtoto, baba, mama, tarehe, na pembeni mambo yaliyomfuata maishani, yaani kipaimara, ndoa, na siku ya kuzikwa. Kazi safi, naomba hilo lisisahaulike, kwa sababu ndilo jambo la mwisho la kunisifu katika habari hii.

Shida ilikuwa kutafuta. Kompyuta yetu ni nzee, na programu niliyoiweka mwanzoni ilikuwa ikisoma diski yote tangu kitabu cha kwanza hadi cha mwisho, ikinguruma kama kinu cha kusagia mahindi, hivi kwamba mtu akija kuomba cheti alikaa kwenye benchi karibu nusu saa, akaimaliza chai, akaisoma kalenda, akaanza kuniuliza kwa nini sijaolewa. Nikaenda kwa Mzee Mwakio, mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, nikamwomba diski mpya ya kisasa ambayo haizunguki na husoma haraka mara nyingi zaidi. Akanisikiliza kwa upole, kisha akasema mashine haijaharibika, ina uvivu tu, na kama nilisomea kweli si niifundishe kazi.

Basi mimi, badala ya kukubali kwamba nusu saa kwenye benchi haijamuua Mkristo yeyote, nikaamua kuifundisha.

Nilitengeneza faharasa, yaani orodha ndogo kama ile ya nyuma ya kitabu, inayosema jina fulani liko mahali fulani, ili mashine iende moja kwa moja bila kupekua kila mstari. Wazo hilo halina kosa, dunia nzima hutafuta hivyo. Kosa ni mkono wangu. Kwanza, ili orodha iwe nyepesi, nikaacha majina ya watakatifu, kwa kuwa mmoja akiandikwa Maria kesho anakuja akijiita Mary na keshokutwa Miriam, nikabakisha majina mawili tu, la mtoto na la baba. Kisha nikaiamuru programu ikipata jina la kwanza linalolingana isimame hapo hapo, isipoteze muda kutafuta kitu ambacho imeshakipata. Nilijipongeza sana kwa huo mstari mmoja wa amri. Nakumbuka nilijinunulia soda.

Nikaijaribu kwa jina langu, ikanipata mara moja (babangu alikuja huku kutoka mbali, na mlima mzima hakuna mwingine mwenye jina lake). Nikaijaribu kwa jina la Padre, ambaye ni mgeni pia, ikajibu hayupo, na kweli hayupo. Majaribio mawili, yote yamefaulu. Nikaifuta programu ya zamani kwenye mashine, nikamwambia Padre kwamba vitabu vya karatasi sasa vinaweza kupelekwa Mombasa vikashonwe upya, havina tena kazi hapa.

Ni mtoto gani wa milima hii aliyesahau jinsi anavyopewa jina? Mimi hapa. Kila mtu anajua mtoto huitwa jina la babu au la nyanya, na hivyo majina hupokezana zamu kama walinzi. Tumchukue bi harusi wetu. Nyanya yake aliitwa Wakesho, binti wa Mwakio. Nyanya huyo akapata mtoto wa kiume, akamwita Mwakio kwa heshima ya babake, na huyo ndiye mwenyekiti wetu. Mwenyekiti naye akapata binti, akamwita Wakesho kwa heshima ya mamake. Kwa hiyo kuna Wakesho Mwakio wa kwanza, na kuna Wakesho Mwakio wa sasa, muuguzi, ambaye alikuwa anaolewa Jumamosi. Mashine yangu ilianza kusoma kwenye kitabu cha zamani zaidi na kusimama kwa wa kwanza. Kwa maneno mengine, niliunda chombo cha kisasa kabisa cha kuwaita wazee wa zamani kila unapowahitaji wajukuu.

Wakesho alikuwa ameniomba barua mapema. Ndoa ilikuwa inafungiwa Voi, katika kanisa la kina bwana harusi, na padre wa huko alitaka barua kutoka kwetu alikobatizwa inayothibitisha kwamba yuko huru kuolewa. Bila barua hiyo Jumamosi haipo. Na mimi nikamwambia, kwa kiburi cha mtu anayekaribia kumaliza kazi kubwa, asihangaike kukaa kwenye benchi, nikimaliza mtambo wangu barua itachukua sekunde moja. Akaniamini. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na barua nikapanga kumpa Jumapili ya mwisho, ana kwa ana, mbele ya wakwe, ili waone parokia za milimani nazo zimeendelea.

Wakwe wakaja kweli, wakiongozwa na Mzee Musyoka, mjomba wa bwana harusi, mfanyabiashara wa nafaka pale Voi, mtu wa maneno machache. Walikuwa wamevaa mashati mepesi ya joto la huko chini kwao, ukungu ukawapokea, na kwenye misa nzima walikaa wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Padre aliposoma tangazo la tatu, alitabasamu akasema kabla hatujaendelea karani wetu atatuonyesha kitu. Nilikuwa nimemwomba nafasi hiyo mwenyewe. Naandika hilo kwa sababu nimejaribu mara kadhaa kukumbuka kwamba ni yeye aliyeniita, na sikufaulu.

Nikaunganisha kompyuta na projekta ya kwaya. Nikatoa hotuba fupi juu ya kasi. Nikasema zamani nusu saa, leo hesabuni moja. Watoto wa Utoto Mtakatifu wakahesabu moja kwa sauti, nikabonyeza, na ukutani pakatokea: Wakesho Mwakio. Amebatizwa. Amefunga ndoa. Amezikwa.

Kanisa zima liliusoma ukuta kwa umakini ambao Padre hajawahi kuupata kwenye mahubiri. Kwa mazoea tu, nadhani, akaendelea na kile kilichokuwa kimeandikwa kwenye karatasi yake.

"Kama kuna mtu anayejua kizuizi chochote cha ndoa hii, aseme."

"Kizuizi si hicho kimeandikwa ukutani, Padre?" akasema mama mmoja wa benchi la pili.

Mtu mwenye akili angezima projekta. Mimi nilidhani nikipata jina moja sahihi watu watasahau lile la kwanza, nikawaambia hilo ni hitilafu ndogo, tumjaribu mwenyekiti mwenyewe, yuko hapa tunamwona. Nikaandika jina lake na la babake, Mwakio Mghendi. Sekunde moja. Amezikwa. Mzee Mwakio alisimama mbele, akatazama ukuta, akatazama viatu vyake, akasema anashukuru angalau amezikwa na Kanisa. Wakacheka hadi wazee. Nikamtafuta mwalimu wa kwaya, amezikwa. Nikamtafuta katekista, ameoa mara ya kwanza kabla ya gari kufika milima hii. Kila nilipobonyeza, aliitika marehemu mwingine, na kwa kasi ya ajabu, naomba niwe mkweli, kasi haikuyumba hata mara moja. Hapo ndipo nilipokaa sakafuni.

Hawakucheka watu wawili. Wakesho alikuwa ananitazama tu, ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Na Mzee Musyoka alisimama, akangoja kicheko kiishe.

"Sisi hatukuja kucheka," akasema. "Tulikuja kuchukua barua. Kesho asubuhi padre wetu ataniuliza, nitamwambia nini? Kwamba tunaoa marehemu?"

Tukaingia ofisini: Padre, mwenyekiti, Mzee Musyoka, Wakesho, na mimi nyuma kama mshtakiwa. Padre akaomba kitabu cha ubatizo. Nikamkumbusha kiko Mombasa kinashonwa. Akauliza ni nani aliyeruhusu, kisha akakumbuka aliambiwa na nani kwamba vitabu havina kazi, akaketi. Hakuwa mtu wa kuandika barua kwa kukisia, na alisema hivyo wazi: asipoiona rekodi ya msichana kwa macho yake, haandiki. Wakesho akaja karibu na meza yangu, akainama.

"Dada, niambie ukweli. Nipo humo au sipo?"

Nikamwambia yupo, ila nimemfungia nyuma ya nyanya yake. Nikatoa flashi nilikohifadhi programu ya zamani, ile ya kinu, nikairudisha, nikaandika jina, na diski ikaanza kunguruma. Nusu saa, nikasema. Hakuna aliyelalamika. Watu hawa hawa walionilaumu miaka miwili kwa nusu saa sasa waliipokea kama sakramenti.

Wakati tukisubiri, Mzee Musyoka alitaka nimweleze nilifanya nini hasa, nikamweleza. Akafikiri.

"Hata mimi dukani, kinachouzwa sana nakiweka karibu na mlango," akasema. "Lakini mtu akiniuliza ndengu simpi maharagwe kwa sababu maharagwe yako karibu."

Miaka miwili ya chuo, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia hivyo.

Mstari wa kwanza ukatokea, wa nyanya. Tukaupita. Dakika nyingi baadaye ukatokea wa pili: Wakesho Mwakio, baba ni mwenyekiti, mama ni mama yake tunayemjua, amebatizwa, amepata kipaimara, na pembeni pa ndoa patupu, na pa kuzikwa patupu. Padre akausoma mara mbili kwa kidole, akatoka kwenda nyumbani kwake kuchukua muhuri. Wakesho akafuta macho, akatoka na Mzee Musyoka kumpigia simu bwana harusi. Kwa hiyo barua ilipatikana, ndoa ilifungwa Jumamosi, na mimi nilialikwa, nikakaa karibu na masufuria, ambako wapishi walinitambulisha kwa kila mgeni.

Tangu hapo nimejiwekea sheria na nimeibandika kwenye kompyuta. Faharasa nimeijenga upya, sasa ina jina la mtakatifu, la mama na mwaka, na hairuhusiwi kusimama kwa wa kwanza, lazima imalize na ionyeshe wote. Na sitaunganisha tena mashine yoyote na projekta, hata ya nyimbo, kwaya ijue maneno yake kwa moyo. Mtu akiniambia haraka, namwonyesha benchi.

Ila kuna jambo moja. Siku ile ofisini, wengine walipotoka, tulibaki mimi na Mzee Mwakio, na diski ilikuwa bado inanguruma, imefika kama nusu. Mstari wa tatu ukatokea. Wakesho Mwakio, amezaliwa miaka mitatu baada ya bi harusi, kigango cha chini upande wa Taveta. Baba: Mwakio Mghendi. Mama: jina nisilolijua. Sijui kama ni Mwakio Mghendi mwingine, wapo, na mmoja nilikuwa nimetoka kumzika ukutani. Mwenyekiti aliusoma mstari huo bila kuinama, akavua kofia, akaivaa tena.

"Funga hiyo mashine, mwanangu. Tumeshampata tuliyekuwa tunamtafuta."

Nikamwambia haijamaliza, iko katikati.

"Katikati panatosha."

Nikafunga. Sheria yangu niliibandika siku tatu baadaye, na nimeitii kwa kila jina lililoletwa ofisini tangu siku hiyo, isipokuwa hilo. Hilo hakuna aliyelileta, na mimi sijalitafuta hadi mwisho.