Aliombwa Hati za Mshahara, Akapeleka Wazee

Saa moja asubuhi, wenzake wakiwa bado wanavaa buti za mpira, Tadjiddine Saindou amekwisha kulala chali chini ya mtambo wa barafu. Kinachoonekana ni miguu tu. Bomba limepasuka kwenye kiungo tangu jana jioni, naye hataki kuwasha moto wa kuchomelea kabla hajaliona kwa macho yake.

"Aliyechomelea hapa alikuwa na haraka ya kwenda kula," anasema kutoka huko chini. Anaomba brashi ya waya, anapewa, anaanza kusugua kutu.

Kiwanda hiki cha kugandisha kamba wa baharini kiko karibu na bandari ya Mahajanga, kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Kazi ya Tadjiddine, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, ni kuangalia baridi isikatike. Kazi anaiweza na malipo anayapata, lakini hana anwani. Leo ni Alhamisi. Asipokuwa na anwani ifikapo Jumatatu mchana, nafasi yake atapewa mtu mwingine.

Ukimsikiliza akieleza jambo hili unaweza kudhani anatunga. Kiwanda hakimpi mkataba wa kudumu mpaka alete hati ya ukaazi kutoka ofisi ya mtaa, ambayo huku huitwa fokontany. Fokontany haimwandikii hati mpaka awe na nyumba mtaani. Mwenye nyumba naye hampi ufunguo mpaka aone hati za mshahara za miezi mitatu mfululizo, na hati hizo kiwanda hakimpi mtu asiye na mkataba. Kwa sasa yuko kwenye majaribio. Analipwa mkononi kila wiki, ariari elfu thelathini, bila karatasi yoyote.

"Kila mmoja ananiambia nianzie kwa mwenzake," anasema. "Na wote wananiambia kwa adabu, huwezi hata kugombana nao."

Anazungumza Kingazija, lugha ambayo msomaji wa Kiswahili akitega sikio ataambulia nusu. Nusu ya pili tulisaidiwa na Boinali, fundi mwenzake. Kiwandani ni Kimalagasi kitupu, na makaratasi yote ni ya Kifaransa.

Kwa Boinali ndiko anakolala, huko Belobaka, nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda bara. Huu ni mwezi wake wa pili hapo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tadjiddine jembe alilichukua mwenyewe: amemchomelea mwenyeji wake geti na kitanda cha chuma, na sasa hakuna kilichobaki cha kuchomelea.

Mji huu si mgeni kwake. Alizaliwa hapa, mtoto wa mchukuzi wa bandarini. Mwisho wa mwaka 1976, Wangazija waliposhambuliwa na maelfu wakahamishwa kwenda Komoro, wazazi wake walimchukua wakakimbilia kisiwa cha Nosy Be. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hapendi kulizungumza. "Baba alifunga mlango kwa kufuli," anasema, "kama mtu anayekwenda sokoni."

Huko Nosy Be, katika mji wa Dzamandzar, alijifunza uchomeleaji kwenye kiwanda cha sukari na akafanya kazi humo hadi kiwanda kilipofungwa. Baada ya hapo aliishi kwa vibarua vya mageti ya hoteli, mwezi huu vipo, mwezi ujao havipo. Boinali, aliyetangulia kuhamia Mahajanga, ndiye aliyempigia simu kwamba kuna kazi.

Jambo moja hakulijua, kwa kuwa hakuwahi kulihitaji: kupanga nyumba. Kwa desturi ya Wangazija nyumba ni ya mke. Baba humjengea binti yake, naye mume huja na nguo zake. Tadjiddine alipomuoa Sittou aliingia katika nyumba iliyojengwa na baba mkwe, na kazi yake ikawa kuziba paa linapovuja. Mwenye nyumba wa kulipwa kodi hakuwahi kuwa naye.

Mwezi uliopita alionyeshwa vyumba viwili vya mabati katika ua wa Bi Echata, mjane wa Kingazija anayeishi mtaa wa Mangarivotra. Kodi ni ariari elfu arobaini kwa mwezi. Mpangaji wa mwisho alihama usiku akaacha deni la miezi mitano, na tangu hapo Bi Echata hataki maneno, anataka hati.

Tadjiddine alimpelekea bunda la hati za kiwanda cha sukari, zilizofungwa kwa uzi.

"Hizi ni za kiwanda kilichofungwa," Bi Echata alimwambia. "Hicho ndicho kitakachonilipa?"

Akamuuliza alikuwa akiishi kwa nani. Akajibu, kwa mke wangu. Mke yuko wapi? Yuko kwake. Bi Echata akatikisa kichwa, kwani kwao mwanamume wa umri huo, aliye nje ya nyumba ya mkewe na mfuko mmoja mkononi, huwa na habari moja tu. "Nikajua huyu kaachwa," anasema sasa, bila haya. "Na mimi ni mjane. Nimpangishe ndani ya ua wangu, majirani wanisengenye?"

Hapo ndipo Tadjiddine alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu mwenye adabu. Aliona kwamba kama karatasi hana, watu anao. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, alimwomba Mzee Mroivili, anayeheshimika msikitini, aende akamshuhudie kwamba ni mtu wa kazi na riziki yake ni ya halali. Mzee Mroivili akasema shahidi mmoja hatoshi, akachukua wenzake watatu. Wakavaa majoho. Kisha akasema kwa mjane hakuendwi mikono mitupu, likatafutwa sinia la halua, likafunikwa kitambaa cha kudarizi.

Wazee wanne wenye majoho na sinia lililofunikwa, mlangoni pa mwanamke asiye na mume. Mzee Mroivili hajafungua kinywa, jirani wa ng'ambo ya ua akapiga vigelegele.

"Niliomba hati za mshahara, nikaletewa posa," anasema Bi Echata. Wazee walieleza shida yao, yeye akawasikiliza, akawanywesha kahawa, akakataa. Halua aliipokea, na anakiri ilikuwa nzuri.

Habari ya uongo ina ncha saba, na ncha mojawapo ilifika Dzamandzar kabla ya Magharibi. Binamu wa Sittou anayeishi Mangarivotra alipiga simu kumpa pole. Sittou akampigia mumewe, akamuuliza jambo moja tu: ni kweli wazee wamekwenda? Tadjiddine, mtu asiyejua kusema uongo, akajibu kwamba ni kweli, lakini. Hilo "lakini" halikusikilizwa. Tangu siku hiyo mkewe hapokei simu.

"Nyumba nikiikosa nitatafuta nyingine," anasema, ametoka chini ya mtambo, anafuta mikono. "Kazi nikiikosa nitachomelea mageti. Lakini Sittou akinitoa, nimekwisha. Sina pengine. Naogopa, nakwambia kweli."

Jumamosi mchana Boinali alipigiwa simu. Sittou alikuwa ameshuka mjini, baada ya kuvuka kwa boti na kukesha njiani katika gari la abiria, yeye na binti yao Hayrat, mwenye miaka tisa. Hakuuliza njia ya Belobaka. Aliuliza njia ya kwa Bi Echata.

Tadjiddine alipofika pale, akihema, wanawake hao wawili walikuwa mkekani na vikombe vya kahawa. Hayrat alikuwa amelala na kichwa chake kiko mapajani pa mama yake.

"Karibu, bwana harusi," Sittou alisema.

Tadjiddine hakukaa. Alisimama kando ya mlango akiwa ameshika kofia mkononi.

"Lisemwalo lipo," Sittou aliendelea, "na kama halipo laja. Kwa hiyo nimekuja mwenyewe kuangalia lipi kati ya hayo mawili. Bi Echata amenieleza yote. Wewe baba Hayrat, mwenzio anataka karatasi, unampelekea Mzee Mroivili?"

Kisha akatoa mfukoni mkataba wenye muhuri wa fokontany ya Dzamandzar. Nyumba yake alikuwa ameipangisha kwa mwalimu wa shule ya serikali aitwaye Elamine, kwa ariari elfu thelathini na tano kwa mwezi, miezi miwili imelipwa mbele. Kabla Tadjiddine hajaondoka Dzamandzar, walipopanga kwamba nyumba ipangishwe na familia imfuate, alimwambia ni utovu wa adabu kumdai mwalimu hati za mshahara. Sittou alidai tatu, na nakala alikuja nazo.

Bi Echata alizisoma moja moja, akiziweka mbali na macho. "Huyu tunaelewana," akasema. "Naye anajua kuhamwa usiku ni nini."

"Sijahamwa, dada. Ndiyo maana nilidai."

Kipato kilichothibitishwa siku ile hakikuwa cha mchomeleaji, kilikuwa cha mkewe. Mkataba wa Mangarivotra uliandikwa kwa jina la Sittou Mahamoud, na tofauti ya elfu tano kwa mwezi ndiyo anayotakiwa kuileta mume.

Tadjiddine alipoulizwa kwa nini hakuitaja nyumba ya Dzamandzar mapema, alishangaa. "Si yangu," alisema. "Mwanamume ataingiaje kwa mtu ajidai kwa nyumba ya mke?"

Jumatatu saa mbili asubuhi mkuu wa fokontany alimwandikia Sittou hati ya ukaazi, kisha akamnyooshea kalamu Tadjiddine. "Na huyu?"

Tadjiddine alitazama sakafu.

"Anakaa kwangu," Sittou alisema, na hati ya pili ikaandikwa. Kabla ya adhuhuri mkataba wa kiwanda ulikuwa umetiwa sahihi.

Jioni ile Tadjiddine alikuwa juu ya paa la Bi Echata akigongomea bati lililolegea, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Sasa anataka kuweka akiba. Belobaka bado kuna viwanja vya bei ya mtu wa mshahara, na Boinali amemwonyesha kimoja, chenye mawe mengi lakini kinachofikika kwa gari. Anakadiria miaka sita, akijaliwa, mpaka kuezeka.

Alipoulizwa kama kiwanja atakiandikisha kwa jina lake, alishusha nyundo.

"Kwa jina la Hayrat," alisema. "Nimefukuzwa mji huu nikiwa mkubwa kidogo tu kuliko yeye, nimerudi, nimezunguka miezi miwili nikigonga milango. Yeye asije akasimama mlangoni pa mtu akieleza yeye ni nani."