Fundi Mitambo Aliyekata Tiketi Ili Asimame Mbele

Saa moja na nusu jioni ya Ijumaa, Shona Galbraith amepiga magoti nyuma ya meza ya mitambo ambayo si yake, katika ukumbi ambao leo ameingia kwa tiketi. Simu yenye tochi ameibana kwa meno. Anachomoa waya mmoja, anachomeka mwingine, na lile yowe la spika lililokuwa likiwatoboa watu masikio linakatika.

Watu wanapiga makofi. Yeye hacheki.

"Nimelipa pauni kumi na nne kuja kufanya kazi," anasema akijipangusa vumbi magotini. "Hebu niambie, nina akili kweli?"

Shona, mwenye miaka 43, ni fundi mitambo hapa Glasgow. Kwa miaka 21 amekaa nyuma ya meza katika ukumbi mdogo ulio chini ya baa, akizipangia sauti bendi ndogondogo zinazojilipia kila kitu, kuanzia kurekodi hadi mafuta ya gari. Kwa onyesho moja hupata pauni 110, na wikiendi kwake ni siku za kazi. Hii ameiombea ruhusa wiki sita kabla, kwa ajili ya mtu mmoja tu, Rhona.

Rhona Lamont, muuguzi, ndiye aliyemfundisha gitaa walipokuwa na miaka kumi na sita. Jumanne anahamia Dunedin, New Zealand, na harudi. Yeye, Shona na rafiki yao Ailsa Petrie, ambaye ni mwoka mikate, walikata tiketi za maonyesho matatu kwa siku tatu ili wasimame pamoja mbele ya jukwaa. Tangu aanze kazi hii, Shona hajawahi kukaa nao tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Wenzake huwa mbele, yeye yuko nyuma na vitufe vyake, wanapungiana mikono kama watu wa stesheni.

Basi Ijumaa ikaenda hivyo hivyo. Fundi wa pale alimsihi abaki kidogo mpaka sauti itulie, na hicho kidogo kikawa onyesho zima.

Jumamosi saa tisa alasiri, watatu hao wako nje ya ukumbi wa pili wakila chipsi zilizomwagiwa siki, mvua ikiwanyea. Rhona anatoa onyo mapema.

"Leo ukigusa waya nakuvunja mkono. Na bandeji nitakufunga mimi mwenyewe."

Hazipiti dakika ishirini, mpiga ngoma wa bendi ya kwanza anamtambua Shona mlangoni. Fundi wao amekwama Edinburgh, treni hazitembei. Shona anakataa. Anaombwa tena, anakataa tena. Kisha bendi inaanza bila fundi, sauti ya mwimbaji inatoka kama amefunikwa blanketi, na Shona anajikuta keshaifikia meza.

"Shoga, wewe hata siku ya msiba wako utainuka kwenye jeneza urekebishe spika ya mchungaji," Ailsa anamwambia mapumziko yalipofika.

Rhona hakucheka. Alimpa Shona koti lake alilokuwa amemshikia kwa saa nzima, akamwambia polepole, "Bendi ningeweza kuja kuziona peke yangu."

Shona anakiri kwamba hasira zilimpanda, na kwamba zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe. Usiku huo hakuaga vizuri.

Jumapili saa kumi jioni ndilo onyesho la mwisho, katika kanisa la zamani lililogeuzwa ukumbi. Shona amewahi kuliko wote. Amesimama mbele, mikono mifukoni, na mtu mrefu kuliko wote mjini amekuja kusimama hapo hapo mbele yake. Anavumilia.

Jukwaani ni mwanamke mmoja na gitaa, anaimba kwa sauti ya chini. Spika ya kushoto inanguruma. Wengine hawaisikii, ila Shona anaisikia na anaujua waya wenyewe. Anauma meno, hatoki.

Hapo ndipo Rhona, aliyesimama kati yake na Ailsa, anapomwinamia sikioni na kuanza kuongea.

Ni vizuri msomaji ajue kwamba hakuna kiumbe Shona anayemchukia kama mtu anayepiga soga wimbo ukiendelea. Ukumbini kwake aliwahi kuzima mitambo yote kwa sababu ya watu wawili waliokuwa wakijadili bomba la jikoni. Rhona analijua hilo vizuri, na bado anaongea. Anasema hajafunga hata sanduku moja. Anasema nyumba ya mama yake imeuzwa na hajalia, na hajui kwa nini hajalia. Anasema kule hamjui mtu, na anahisi amekosea, lakini sasa atamwambia nani?

Wimbo unaisha, mwingine unaanza, Rhona bado anaongea. Mtu wa nyuma anawasonya na kuwaambia wanyamaze, wengine wamelipa.

Shona anageuka. "Na mimi nimelipa," anamwambia. "Mwache aongee."

Mtu huyo alihama. Shona akamshika Rhona kiuno na kumtegea sikio, mpaka taa zikawashwa.

"Sikumbuki hata wimbo mmoja," anasema Jumatatu asubuhi, akizungusha nyaya ukumbini kwake. "Niulize Rhona alisema nini, nakutajia neno kwa neno."

Ameshaomba likizo ya wiki tatu mwezi Februari, na mwenye ukumbi ameshanuna. Shona anasema anune tu, nauli ya ndege ameanza kuidunduliza.

"Karibu na atakapokaa Rhona kuna baa, bendi kila Ijumaa. Nimemwambia nitakuja tusimame mbele. Na asithubutu kumwambia mtu yeyote pale kazi ninayofanya."