Keki ya Boksi kwa Sherehe ya Mama

Mama alipofaulu kuwa nesi, baada ya miaka ya kuosha na kulisha wazee wa watu, wanawake wa kanisa waliamua kumfanyia sherehe. Nikasema keki nitaoka mimi. Sikusema kwa mdomo, mimi si mtu wa kusema. Niliandika kwenye grupu la familia, nikazima simu haraka. Mama alinijia chumbani ameshusha sauti kana kwamba nyumbani kuna mgonjwa.

"Ukitumia ya boksi, usimwambie Anti."

Anti si ndugu yetu. Ni rafiki wa mama tangu walipofika Birmingham, na ndiye mwoka keki wa kanisa, cheo alichojipa mwenyewe. Keki zake ni kavu, watu huzisukuma kwa chai kama vidonge, kisha wanamsifu. Na ana msemo wake: keki ya boksi ni ya watoto wasio na mama. Basi mama yangu, mtu anayeweza kumgeuza mzee wa kilo mia kitandani bila kumwamsha, alinunua maboksi mawili ya unga wa keki hapa mtaani kwetu Stechford akayaficha chini ya sare zake za kazi. Anaogopa unga ulio ndani ya kadibodi.

Boksi lenyewe pia nalidharau. Linakuambia uongeze mayai, mafuta na maji, basi, umemaliza. Linatoa keki laini kama sifongo ya kuogea. Sasa fondanti, ile sukari inayokandwa kama udongo na kufunikwa juu ya keki, ni nzito. Keki yangu ya majaribio ilibonyea katikati kama godoro la bweni. Dada wa kwenye video niliyoifuata, mwenye kucha ndefu na jiko ambalo halijawahi kuona sufuria chafu, alikuwa amesema hata mtoto anaweza.

Nikaacha kumsikiliza. Mahali pa maji nikaweka maziwa, mahali pa mafuta nikaweka siagi iliyoyeyushwa. Nikaongeza yai ambalo boksi halikuliomba, yogati nzito, na konzi ya unga wa ngano, ule mama anaoufuata mpaka mtaa wa Lozells kwa ajili ya chapati. Ikatoka imekaza, hata ukiibonyeza kwa kidole inarudi. Nikaipaka krimu ya siagi nikaiweka kwenye friji ishike, fondanti nyeupe ya kuifunika nikaiacha mezani.

Hapo Anti akabisha. Amekuja kusaidia. Mama alikuwa kazini. Niliyakanyaga maboksi yakalala bapa, nikayasukuma nyuma ya pipa, ndipo nikafungua.

"Umeoka wewe, mtoto wangu? Kwa mikono hii?" Akavishika vidole vyangu akavitazama kama sukuma wiki iliyonyauka. "Haya, sogea. Hiyo nyeupe ni ya kusukuma, sivyo? Kusukuma niachie mimi."

Nilipaswa kusema hapana. Nilisema, "Sawa, Anti."

Akanyunyiza unga wa ngano kwenye kibao, akaisukuma fondanti ikawa duara safi kabisa, hilo nakubali. Kisha akaipaka mafuta ya kupikia. Kisha akaikunja, akaizungusha kama konokono, akaifunika kwa bakuli.

"Ipumzike. Bila kuikunja haitakuwa laini."

Alikuwa anapika chapati. Mwoka keki wa kanisa zima alikuwa anaipikia keki ya mama yangu chapati ya sukari, nami nimesimama pale na kitambaa cha vyombo. Alipoisukuma tena, tabaka ziliteleza, ikachanika, ikang'aa kama uso wa mtu mwenye homa. Akaitazama kidogo.

"Umenunua ya bei rahisi," akasema. Akanawa mikono, akaomba chai. Nikampikia. Mtu ameniharibia kazi, na mimi namwekea tangawizi.

Alipoondoka nilikuwa nimebaki na fondanti ya zambarau niliyoitaka kwa maua. Nikaisukuma juu ya sukari ya unga, nikaizungusha kwenye kifimbo cha kusukumia, nikaikunjua juu ya keki. Ilitosha kwa shida. Upande uliokunjamana niliupanga utazame ukuta. Ile ya Anti niliikanda kwa sukari ya unga hadi ikaacha kuteleza, nikakata kitu kimoja tu, saa ya manesi, ile inayoning'inia kifuani kichwa chini. Mishale nikaichora kwa kakao. Maua hakuna.

Ukumbi ulikuwa Bordesley Green. Kwetu keki haigawiwi hivi hivi. Mwenye sherehe huita watu mbele na kuwalisha kwa mkono, na aliyeoka huitwa wa kwanza. Nilijificha kwenye meza ya chai nikiomba nisiitwe, na pia nikiomba niitwe.

"Aliyeoka yuko wapi?" mshereheshaji akauliza.

Anti alikuwa ameshasimama. Mama alinitafuta kwa macho. Mimi nikahesabu vikombe. Basi akamlisha Anti, na Anti akatafuna polepole, akachukua maikrofoni bila kupewa.

"Mmeionja? Hii ni keki ya mkono wa mama. Si haya mambo ya boksi. Mimi na mtoto tumechapa siagi na sukari mpaka mabega yakauma."

Wakapiga makofi. Na mama, kwenye sherehe yake mwenyewe, akainamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa akiiba. Keki ningewaachia. Hicho kichwa sikukiweza.

"Ni ya boksi," nikasema.

"Nani amesema? Rudia tusikie," mshereheshaji akasema. Kurudia ndiyo adhabu yenyewe.

"Ni ya boksi. Nimeoka mimi. Anti aliikunja fondanti kama chapati, akaipaka mafuta."

Mzee mmoja nyuma akacheka hadi akakohoa. Wanawake wakacheka wakiwa wameziba midomo, hasa wale wa kuisifu keki kavu. Anti akasema, "Watoto wa huku," akatafuta kiti.

Mama akainua kichwa. "Maboksi nilinunua mimi," akasema, bila maikrofoni. "Njoo hapa, wewe."

Nilipita kati ya viti nikitazama viatu vya watu. Alikuwa ameshika kipande kikubwa chenye nusu ya ile saa.

"Umeniaibisha," akaninong'oneza. "Fungua mdomo."

Nikafungua. Keki ilikuwa nzuri, na fondanti ni upuuzi, ni sukari iliyovaa suti. Nilipogeuka, Anti alikuwa pembeni na kipande cha pili, ameibandua zambarau yote akaiacha kwenye ukingo wa sahani, anaila keki ya boksi hadi makombo.