Mlango Nilioziba kwa Matofali

Haya sikuyasikia kwa jirani. Yalinipata mimi, hapa Bunia, nikiwa nimeshiba, nina akili timamu, na jua halijazama. Nasema hivyo kwa sababu watu wakinisikia huuliza kwanza kama nilikuwa nimelala. Sikulala. Nilikuwa nimeshika ndoo ya chokaa.

Kazi yangu ni nyumba. Zamani niliuza vitenge sokoni. Mume wangu alipofariki nikaacha vitenge, nikaanza kununua nyumba zilizochoka, nazitengeneza, kisha napangisha. Sasa ninazo nne. Sisi tuliotoka Butembo tunataniwa kwamba tukiona ukuta uliopasuka tunaona chakula, na mimi sibishi. Wapangaji huniita Mama Bayeri, yaani mama mwenye nyumba, na wanajua kwamba sina maneno mengi. Machozi pia sina. Mama yangu alipofariki kule Butembo, barabara ilikuwa imefungwa, sikuweza kwenda. Nilikaa nyumbani siku moja. Kesho yake nikarudi kwa mafundi.

Nyumba ya nne niliinunua kwa Safari, kijana anayefanya biashara Aru. Ilikuwa ya mama yake, aliyefariki wakati wa mvua zilizopita. Matofali yalikuwa mazuri, mabati yameliwa na kutu, na mlango ulikuwa mmoja tu, wa ubao mzito, umetazama nyuma kwenye jiko. Tulipokwisha kutia sahihi mbele ya majirani, Safari alinivuta pembeni.

"Mama, nakuomba kitu moya tu," akasema. "Ule mulango usiiguse. Ndjo mama alitokea pale siku tulimubeba. Tutakuya na famiya kutosha kilio, kisha utafanya vile unapenda."

Kutosha kilio ni kumaliza matanga. Kwao, jamaa hurudi kwenye mlango ule ule ambapo marehemu alitolewa. Wanamwita kwa jina, wanamkaribisha aingie mara ya mwisho, halafu wanamsindikiza aende zake. Mpaka siku hiyo mlango hauguswi. Nilielewa vizuri sana.

"Hakuna shida, mutoto yangu," nikamjibu, kirahisi, kama mtu anayeitikia salamu.

Mwezi ukapita, na wa pili. Safari akapiga simu kusema barabara ya Aru si salama, tuwavumilie. Mimi nilikuwa na mwalimu na mke wake waliotaka kuhamia haraka, nao walitaka mlango utazame barabara kama nyumba za wenzao. Nikajiuliza, mfu ana haja gani na mlango? Nikamwita fundi wangu, Papa Jerome. Alipokwisha kuung'oa ule mlango wa zamani, alisimama na nyundo mkononi.

"Mama Bayeri, famiya ilishakuya?"

"Ziba," nikamwambia.

Akaziba, akapiga sementi juu yake mpaka ukuta ukawa laini. Na ule ubao, je, ningeuacha uoze? Niliupeleka kwangu, nikauweka kwenye mlango wa jikoni, maana wa kwangu ulikuwa umeliwa na mchwa. Niliona nimefanya akili.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyuma ya nyumba ile, peke yangu, napaka chokaa ukuta mpya. Saa kumi na moja ilikuwa imepita. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu, mvua haijaonekana kwa wiki nyingi. Nikageuka, nikamwona mama mzee amesimama hatua chache kutoka kwangu. Kitenge chake kilikuwa safi, chenye ndege wa buluu. Miguu ilikuwa mitupu, na imejaa matope mabichi mpaka vifundoni. Nikadhani ametoka kuteka maji.

"Jambo mama. Unatafuta nyumba? Hii ilishapata mutu."

"Sitafute nyumba," akasema. "Hii naijua."

Akanipita, akaweka kiganja juu ya chokaa. Akapapasa polepole mpaka kiganja kikasimama, akapapasa tena upande wa pili, kikasimama. Niamini, zilikuwa kingo mbili za mlango wa zamani, penyewe kabisa, na mimi niliyelipa fundi sikuweza tena kuziona.

"Mulango yangu iko wapi?"

Wewe ungejibu nini? Mimi nilijibu kama mwenye nyumba. Nikamweleza kwamba kuna mlango mpya kule mbele, wa chuma, wenye kufuli nzuri.

"Ile ni ya wageni. Yangu uliipeleka wapi?"

"Iko kwangu, mama. Ubao ilikuwa muzuri, nikaona…"

"Basi nitapitia kule. Famiya habayanisindikiza bado, na nilichoka kusimama."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kama mtu aliyefika kutoka safari ndefu, akakuta wenyeji wamehama bila kumwambia. Niliinama kuweka ndoo chini, nilipoinuka hakuwapo. Nyayo za matope zilikuja mpaka ukutani, na hakuna hata moja iliyorudi. Kwenye chokaa mbichi, pale alipoweka kiganja, hapakuwa na alama.

Nilikwenda nyumbani mbio, nikafunga jikoni kwa komeo. Giza lilipoanza kuingia, ule mlango ulifunguka taratibu, komeo likiwa bado mahali pake. Sikuona mtu. Niliona nyayo zikitokea sakafuni, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye kigoda kilicho karibu na moto. Zikaishia hapo. Niligusa matope kwa kidole, yalikuwa baridi.

Alikuja kila jioni. Asubuhi naosha sakafu, jioni nyayo ziko palepale. Ningeweza kuung'oa ule ubao na kuutupa, lakini angesimama wapi tena? Niliogopa, sikufichi, ila aibu ilizidi woga. Siku ya nne nikampigia Safari nikamwambia yote. Akaniuliza jambo moja tu.

"Alivaa kitenge gani?"

"Ya ndege ya buluu."

"Tulimuzika nayo," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha, shimo yote ilikuwa matope."

Hakuuliza tena habari za barabara. Alifika juu ya lori pamoja na shangazi zake wawili, wamejaa vumbi. Papa Jerome akabomoa ukuta, tukarudisha ubao mahali pake. Mwalimu nikamwomba asubiri. Shangazi wakamwita marehemu kwa jina mara tatu, kisha wakaniambia mimi niliyefunga nifungue kwa mkono wangu mwenyewe. Nikafungua. Hapakuonekana kitu. Waliimba, wakatembea polepole mpaka barabarani kama watu wanaomsindikiza mzee, na kilio kikaisha.

Jioni ile nilikaa jikoni kwangu, mbele ya tundu lisilo na mlango. Sakafu ilibaki kavu. Nikalia kwa sauti, mimi niliyesema sina machozi. Mwanzo sikujua namlilia nani, kisha nikajua.

Barabara ilipofunguka nilikwenda Butembo. Kwetu hatuna desturi ile ya mlango, lakini nilitaka kusimama mahali mama yangu alipotokea. Nyumba ndugu yangu alikuwa ameshaiuza. Aliyeinunua ni bwana mwema, alinipokea vizuri. Upande wa mlango wa mama palikuwa na ukuta laini, uliopakwa rangi. Nikamuuliza ule ubao uko wapi, akasema ulipasuliwa, ukawa kuni. Halafu akanionyesha mlango mpya, wa chuma, wenye kufuli nzuri.

Tangu hapo, nikienda kununua nyumba, sianzi na mabati wala matofali. Nauliza nani alitolewa humu, kwa mlango gani, na kama ameshaagwa. Madalali wananicheka, na wacheke tu. Nawe unayenunua nyumba ya watu, uliza. Na kama nyumba yako iko Butembo, ukamkuta mama mzee anapapasa ukuta ulioujenga, nakuomba usimwonyeshe mlango wa wageni. Nitafute haraka, maana huyo anaweza kuwa wangu.